Bolti za Springi Zilizoshika Kutu: Namna ya Kuzifungua na Kuzibadilisha Katika Lori la Zamani

Lori linalofanya kazi katika ukanda wa pwani huchakaa chini kabla ya kuchakaa juu, na miongoni mwa vyuma vyake vya chini hakuna vinavyomtesa fundi kuliko bolti za springi, ambazo hukaa mahali pamoja kwa miaka mingi, zikirushiwa matope, maji na chumvi kila safari, bila ya mtu kuzigusa mpaka siku springi inapovunjika au bushi inapokwisha. Siku hiyo ndipo hubainika kwamba nati haizunguki, kichwa cha bolti kimelika pembe zake, na hata bolti iliyokubali kuiachia nati yake hukataa kutoka katika tundu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzifungua bolti hizo na kuweka nyingine, na kanuni inayouongoza ni moja: bolti iliyoshika kutu ihesabiwe kuwa imekwisha kabla spana haijaguswa, na nguvu, moto na makali yote yaelekezwe kuiharibu bolti yenyewe tu, ili jani la springi, hanga na chasisi vibaki vizima. Fundi anayejitahidi kuiokoa bolti kwa kawaida huishia kuharibu kitu cha thamani kubwa kuliko bolti.

Kwa nini bolti hunasa

Kutu huzaliwa pale chuma, maji na oksijeni vinapokutana, na sifa yake ambayo fundi hupaswa kuikumbuka kuliko nyingine zote ni kwamba huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, yaani ujazo wake hufikia mara mbili au zaidi ya ule wa chuma cha awali. Mahali penye uwazi jambo hilo huonekana kama magamba yanayobanduka, lakini katika mwanya mwembamba uliopo kati ya shina la bolti na bomba la chuma lililomo ndani ya bushi, kutu haina pa kutanukia, na kwa sababu hiyo hubana pande zote mbili mpaka bolti na bomba vikawa kitu kimoja. Ndiyo maana nati inaweza kufunguka kwa urahisi wa kushangaza, kwa kuwa ilikuwa nje na ilipata grisi na mafuta ya injini yaliyomwagika, ilhali shina lililofichika ndani halisogei hata kidogo.

Chumvi haianzishi kutu, bali huiharakisha. Kuliwa kwa chuma huambatana na mwendo wa umeme mdogo ndani ya maji, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji baridi. Isitoshe, chumvi iliyokauka juu ya chuma huvuta unyevu kutoka hewani, hivyo chuma huendelea kulowa hata siku isiyo na mvua. Malori yanayobeba chumvi kutoka Gongoni na Marereni, kaskazini mwa Malindi, au yanayobeba samaki waliofunikwa barafu inayoyeyuka na kuchuruzika chini ya bodi, hupatwa na hali hii mapema. Bara nako hakujasalimika, kwani Uvinza, mkoani Kigoma, huzalishwa chumvi kutokana na maji ya chemchemi, na lori linalopakia huko hurudi na ugonjwa uleule wa pwani. Vilevile lori lililotumika Japani katika maeneo ya theluji, kama vile Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, laweza kufika Mombasa au Dar es Salaam likiwa na rangi nzuri juu na kutu nzito chini.

Sehemu zinazohusika na majina yake

Springi ya lori la kawaida ni mkusanyiko wa majani, yaani bamba za chuma cha pua zilizopinda na kulaliana, refu likiwa juu na fupi likiwa chini. Jani refu, ambalo ndilo jani kuu, ncha zake zimekunjwa kuwa pete, na ndani ya kila pete hukaa bushi, ambayo ni kijibomba cha mpira chenye bomba la chuma katikati, au cha shaba nyeusi kinachohitaji grisi. Ncha moja ya springi hufungwa moja kwa moja katika hanga, yaani mkono wa chuma uliogongewa ribiti kwenye chasisi, na ncha ya pili hufungwa katika shakeli, ambayo ni jozi ya vipande vya chuma vinavyobembea, kwa sababu springi inapolemewa na mzigo hunyooka na kurefuka, na isipopata pa kurefukia itavunjika. Katikati, majani yote yameshikanishwa na senta bolti, na ekseli hubanwa kwenye springi kwa yubolti, ambazo ni fimbo nene zilizopindwa kama herufi U, kwa kawaida mbili kila upande zikiwa na nati nne.

Ugumu wa bolti hizi haulingani. Yubolti huonekana za kutisha kwa unene wake, lakini kwa kweli ndizo rahisi, kwa kuwa mwili wake wote uko nje na unaweza kukatwa bila kugusa kitu kingine. Za shokapu ni nyembamba na huvunjika haraka, lakini si za hatari. Kazi iko katika bolti za hanga na shakeli, ambazo hupita ndani ya bushi.

Malori mengi ya Kijapani, kama Isuzu na Fuso, hutumia pini za grisi badala ya bolti zilizopita ndani ya mpira, na pini hizo hazizuiwi na nati ya nchani bali na bolti ndogo inayopita katika hanga kwa kukingama na kukaa ndani ya mfereji uliochongwa ubavuni mwa pini. Bolti hiyo ndogo hufunikwa na matope na kutu kiasi cha kutoonekana, na hanga nyingi zimepasuliwa na mafundi waliopiga pini kwa nyundo kubwa pasipo kujua kwamba kuna kizuizi ambacho hakijatolewa. Kabla ya kupigwa pini yoyote, hanga isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma kitupu kionekane, na kila kichwa cha bolti kilichomo kitambuliwe kazi yake.

Kulituliza lori

Lori lishushwe mzigo wote, lisimamishwe mahali tambarare penye udongo mgumu au saruji, na magurudumu yasiyoguswa yawekewe kabari mbele na nyuma. Jeki hunyanyua tu, haishikilii: mara lori linapopanda, stendi za chuma zenye uwezo wa uzito huo ziwekwe chini ya chasisi, na pale zinapokosekana, magogo ya mbao ngumu yaliyopangwa kwa kupishana yanaweza kutumika. Matofali ya saruji yasitumike kamwe, kwa sababu hubeba uzito kwa utulivu mpaka dakika yanapopasuka, nayo hayatoi ishara. Iwapo gurudumu litatolewa, ikumbukwe kwamba malori mengi ya zamani ya Kijapani yana nati za upande wa kushoto ambazo hufunguliwa kwa kuzungushwa upande wa saa, na stadi zake mara nyingi zimepigwa alama ya L. Kosa la hapa hukata stadi kabla kazi yenyewe haijaanza.

Jambo linalosahauliwa na wengi ni kwamba bolti isiyo na kutu hata chembe haitoki ikiwa imelemewa. Chasisi inapokaa juu ya stendi na ekseli ikaachwa ining'inie, uzito wa ekseli na magurudumu huivuta springi chini, na springi huikandamiza bolti ubavuni mwa tundu. Kwa hiyo jeki ya pili huwekwa chini ya ekseli na kupandishwa au kushushwa kidogo kidogo, huku fundi akiitikisa springi kwa mtaimbo, mpaka apate mahali ambapo springi haivuti juu wala chini. Mara nyingi pini iliyodhaniwa imenasa kwa kutu huanza kusogea hapo, na jeki ikiwa imeinuliwa kwa upana wa kidole tu. Uchunguzi huu hauna gharama na unapaswa kutangulia moto na nyundo.

Kufungua bila kukata

Kazi ya kwanza ni kusafisha, si kumwagia mafuta. Mafuta yanayomwagwa juu ya tope na magamba ya kutu huishia kulowesha tope, kwa hiyo hesi, yaani mistari ya msokoto inayoonekana nje ya nati, isuguliwe kwa brashi ya waya na kukwaruzwa kwa ncha ya msumeno wa chuma mpaka mistari iwe safi, maana nati italazimika kupita juu yake. Baada ya hapo hupakwa mafuta ya kupenyeza, ambayo ni mepesi na huvutwa na mianya myembamba. Katika gereji nyingi hutumika dizeli au mafuta ya taa, nayo hufaa yakipewa muda, ilhali oili chafu ya injini ni nzito mno na haiingii mahali panapohitajika. Mafuta haya hufanya kazi kwa subira: yapakwe asubuhi na jioni kwa siku moja au mbili kabla ya kazi, na kila mara yanapopakwa kichwa cha bolti kigongwe kwa nyundo ndogo, kwa kuwa mtikiso hufungua nyufa nyembamba ndani ya kutu ambazo mafuta huzifuata.

Soketi inayotumika iwe ya pembe sita, kwa sababu hubana ubavu mzima wa nati, tofauti na ile ya pembe kumi na mbili ambayo hubana karibu na kona tu na kuzifuta. Nati iliyoliwa na kutu imepungua ukubwa, na mara nyingi soketi ya milimita 24 hulegea juu yake ilhali ya 23, au ya inchi iliyo karibu nayo, ikigongwa kwa nyundo huingia kwa kubana. Nati isukumwe kwanza upande wa kukaza kwa kiasi kidogo sana, kisha upande wa kufungua. Mguso huo wa kukaza huvunja ganda la kutu pasipo kukibebesha chuma msokoto wote. Nati ikianza kuachia hutoa mlio mkali wa kukwaruza, na hapo kishawishi cha kuizungusha moja kwa moja hadi mwisho ni kikubwa, lakini anayefanya hivyo huisukuma kutu iliyovunjika mbele ya nati mpaka ijikusanye na kuinasa upya. Izungushwe robo, irudishwe kidogo, iongezwe mafuta, ndipo iendelee.

Bomba refu linalovikwa kwenye mkono wa spana huongeza nguvu, lakini nguvu hiyo ni ya polepole na ya upande mmoja, nayo ndiyo inayosokota bolti hadi ikakatika. Pigo la ghafla, liwe la nyundo juu ya mkono wa spana nzito au la bunduki ya upepo, huvunja kutu kwa nguvu ndogo zaidi. Ikiwa spana inasogea lakini mkono unahisi ulaini kana kwamba kitu kinavutika, bolti inasokoteka na itakatika, na inafaa kusimama na kufikiria moto.

Nati ikishatoka, kichwa cha bolti kizungushwe ili kujua nini kinazunguka. Bolti inayozunguka na kubaki pale ilipoachwa imeachana na bushi, na itatoka kwa kupigwa kwa fimbo ya shaba au ya chuma laini, nati ikiwa imerudishwa kwa hesi chache ili kulinda ncha. Bolti inayozunguka kisha ikajirudisha yenyewe spana inapoachiliwa haijaachana na kitu chochote: imenata katika bomba la bushi, na kinachosokoteka ni mpira. Bolti ya namna hiyo haitatoka kwa kuzungushwa, hata kwa muda mrefu, kwa sababu mpira utaendelea kupinda na kurudi, na uamuzi wa busara ni kuikata.

Moto, na mahali usipofaa

Moto hufaulu kwa sababu chuma kinachopashwa hutanuka, na nati inapopashwa upesi kuliko bolti iliyo ndani yake, tundu lake hupanuka kwa kiasi kidogo kinachotosha kuvunja kutu. Gesi ya oksijeni na asetilini ndiyo inayofaa, kwani ncha yake ndogo hupasha nati kabla joto halijafika kwenye shina. Nati ipashwe mpaka iwe nyekundu iliyofifia, kisha izungushwe ingali na joto. Au iachwe ipoe kidogo na kugusishwa mshumaa, ambao huyeyuka na kunyonywa ndani ya hesi. Bolti yoyote iliyopata moto wa kiasi hicho, hata ikitoka nzima, imepoteza uimara wake na haifai kurudishwa.

Majani ya springi yasiguswe na moto kabisa. Chuma chake kimepewa ugumu kiwandani kwa kupashwa, kupozwa ghafla na kupashwa tena kwa joto la wastani, na kikipashwa upya kupita joto hilo, ambalo liko chini ya lile la kuwa chekundu, hulainika mahali hapo na kuinama au kuvunjika baadaye chini ya mzigo. Kwa sababu hiyohiyo jani haliungwi kwa kuchomelea, na nyaya za mashine ya kuchomelea zisiunganishwe kupitia springi, kwa kuwa cheche moja ndogo juu ya jani huacha doa gumu ambalo ufa huanzia. Mafundi wanaochomelea jani lililovunjika ili lori lifike mjini ni wengi, na majani hayo huvunjika tena pembeni mwa kiungo.

Yaliyo jirani nayo yana hatari zake. Shokapu hubeba mafuta, na nyingine gesi yenye mgandamizo, nazo zikipata moto zaweza kupasuka. Mabomba ya nailoni ya breki za upepo huyeyuka. Tangi la dizeli mara nyingi liko hatua moja tu kutoka hanga ya nyuma. Na mpira wa bushi ukiungua hutoa moshi mzito wenye madhara. Chuma kilichopakwa zinki kikipashwa sana hutoa moshi mweupe unaoleta homa, na baadhi ya dawa za kopo za kusafishia breki, zile zenye klorini, zikipata joto hutoa gesi ya sumu kali, kwa hiyo zisitumike kusafisha mahali patakapopigwa moto. Vikopo vya breki za springi, ambavyo hukaa karibu na ekseli ya nyuma, vina springi iliyobanwa kwa nguvu inayoweza kuua, na havipaswi kufunguliwa wala kupashwa. Ndoo ya mchanga na maji viwe karibu, na mtu wa pili awepo kwa ajili hiyo tu.

Kukata

Yubolti hukatwa kwa grainda, kwenye fimbo yake au ubavuni mwa nati yenyewe, na hakuna sababu ya kupoteza saa mbili kwa kuzifungua, kwa kuwa yubolti iliyotoka hairudishwi: ilikwisha kuvutwa ilipokazwa mara ya kwanza, na ikikazwa tena haishiki kama ilivyoshika. Ekseli iwe imebebwa na jeki kabla ya kukata ya mwisho, isije ikabingirika.

Kwa bolti ya hanga au shakeli, mahali pa kukata ni mwanya uliopo kati ya pete ya springi na ukuta wa hanga, pande zote mbili, ambapo msumeno hupita katika mpira na bomba la bushi na shina la bolti kwa pamoja. Bushi hupotea, lakini ilikuwa ya kubadilishwa. Springi ikishatoka, vipande vya bolti vilivyobaki katika kuta za hanga ni vifupi na hugongwa vikatoka. Diski nyembamba ya grainda huingia pale ambapo mwanya unaruhusu, ila inapopindishwa kidogo huvunjika na kurusha vipande, na anayelala chini ya lori yuko katika njia ya vipande hivyo; miwani peke yake haitoshi, ngao ya uso inahitajika. Msumeno wa umeme wa kwenda na kurudi wenye meno ya kukatia chuma ni salama zaidi, na hata ule wa mkono humaliza kazi kwa mtu mvumilivu. Gesi ya kukatia ndiyo ya mwisho kufikiriwa, kwa maana hukata hanga kwa wepesi uleule inaokata bolti.

Senta bolti ina hatari ya pekee, nayo ni kwamba majani yamebanwa yakitaka kufunuka. Kabla ya kuikata au kuifungua, mkusanyiko ubanwe kwa majiliwa mawili, kila upande moja, na majiliwa hayo yalegezwe kidogo kidogo baadaye.

Yanayoonekana baada ya bolti kutoka

Hanga ikiwa wazi hutoa nafasi ya kuona kilichofichika, na fundi anayeharakisha kuweka bolti mpya hupoteza nusu ya faida ya kazi yake. Tundu la bolti linapaswa kuwa mviringo. Likiwa limerefuka kama yai, bolti mpya itacheza ndani yake na kulirefusha zaidi, na dawa yake ni hanga nyingine au kijibomba cha chuma kilichotengenezwa na fundi wa mashine, wala si bolti nene zaidi iliyolazimishwa. Michirizi ya kutu nyekundu inayotoka chini ya vichwa vya ribiti ni dalili kwamba hanga inacheza juu ya chasisi. Nyufa katika majani hutafutwa hasa karibu na tundu la senta bolti na chini ya yubolti, kwa kusafisha, kupaka mafuta ya taa, kufuta, kisha kupaka chokaa, ambapo ufa hujichora kama mstari wa mafuta juu ya weupe.

Senta bolti iliyokatika inastahili kuchunguzwa chanzo. Kazi yake ni kuyapanga majani na kuiweka ekseli mahali pake, kwa kuwa kichwa chake huingia katika tundu la kikalio cha ekseli. Kinachozuia ekseli isiteleze ni mbano wa yubolti. Senta bolti ikikatika, mara nyingi kosa ni la yubolti zilizolegea, na lori lililokuwa likienda kombo barabarani lilikuwa likitoa taarifa hiyo mapema.

Kuchagua na kufunga bolti mpya

Kichwani mwa bolti za milimita huandikwa namba mbili zenye nukta katikati. Ya kwanza ikizidishwa kwa 100 huonyesha mvuto, kwa megapaskali, unaoikata bolti, na ya pili huonyesha ni sehemu ngapi za kumi za mvuto huo bolti huweza kustahimili kabla haijarefuka moja kwa moja. Hivyo ya 8.8 hukatika kwa takriban 800 na kuanza kurefuka kwa 640, na ya 10.9 ni 1,000 na 900. Bolti iliyotolewa ikiwa ya 10.9, irudishwe ya 10.9, pamoja na nati ya daraja la 10. Bolti isiyo na alama yoyote, ambayo maduka mengi ya vifaa huuza kwa ajili ya mageti na mabati, haina nafasi katika springi. Bolti ya chuma kisichoshika kutu huwavutia wenye malori wa pwani, na sababu yao inaeleweka, lakini aina ya kawaida, ya A2-70, huanza kurefuka kwa takriban megapaskali 450 na hesi zake hushikana zenyewe zinapokazwa kwa nguvu; si mbadala wa 8.8, sembuse 10.9. Kuchagua 12.9 kwa kudhani kwamba kubwa ni bora nako ni kosa, kwani chuma kigumu kiasi hicho huvunjika ghafla kikipata kutu, na bolti ngumu yoyote iliyoloweshwa katika asidi ya betri ili isafike huweza kudhoofika vivyo hivyo.

Malori ya zamani ya Kiingereza, kama Bedford na Leyland, mara nyingi yana hesi za inchi, na vichwa vya bolti za inchi mara nyingi huwa na mistari badala ya namba: mitatu kwa daraja la 5 na sita kwa daraja la 8. Bolti ya robo tatu ya inchi ina unene wa milimita 19.05, na ile ya milimita 20 haitaingia katika tundu lake bila kulipanua, jambo lisilofaa kufanywa. Urefu nao una maana: sehemu laini ya shina ndiyo inayopaswa kukaa ndani ya kuta za hanga, kwa sababu hesi ikikaa hapo hulikata tundu kama tupa, na nati ikishakazwa hesi mbili au tatu zionekane nje. Yubolti zinunuliwe zilizopindwa zikiwa baridi kwa vipimo vya ekseli husika, kwani fimbo iliyopashwa kwenye makaa na kukunjwa hulainika mahali penye pindo, ambapo ndipo hubeba nguvu nyingi.

Matundu yasafishwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, na shina la bolti lipakwe grisi ya shaba au grisi ya kawaida isiyoyeyuka majini, kwa wingi ndani ya bomba la bushi, kwa sababu hapo ndipo mnaso ulipoanzia. Mpira wenyewe usipakwe grisi wala oili, ambazo huuvimbisha. Maji ya sabuni hutosha kuuingiza. Nati ya kufuli yenye pete ya nailoni hutumika mara moja tu, na nati ya mataji huwekewa kotapini mpya.

Bolti zinazopita katika bushi za mpira zisikazwe lori likiwa limeinuliwa. Bomba la ndani ya bushi hubanwa na hanga bolti inapokazwa, na mpira husokoteka pale springi inapopanda na kushuka. Ikikazwa springi ikiwa imening'inia, mpira hubaki umesokoteka daima lori linaposimama barabarani na huchanika baada ya muda mfupi. Zifungwe kwa mkono, lori lishushwe likae kwa uzito wake, ndipo zikazwe. Sharti hili halizihusu pini za grisi.

Yubolti hukazwa kwa kukingamisha, nati ya mbele kushoto ikifuatwa na ya nyuma kulia, kwa awamu tatu au nne, ili kikalio cha ekseli kikae sawa. Kipimo cha ukazaji kitolewe katika kitabu cha lori husika, na hapa inafaa kueleza kwa nini kukisia hakufai: katika kukaza nati, takriban sehemu tisa za kumi za nguvu humezwa na msuguano wa hesi na wosha, na moja tu ndiyo inayoivuta bolti. Hesi yenye kutu humeza zaidi na kuiacha bolti legevu, na hesi iliyopakwa grisi humeza kidogo na kuivuta bolti kupita kiasi kwa nguvu ileile, hivyo izingatiwe kama kipimo kilichoandikwa ni cha hesi kavu au yenye mafuta. Pasipokuwa na spana ya kupimia, mtu anayeegemeza kilo 40 katika ncha ya mkono wa mita moja hutoa takriban Newton-mita 400, na kutokana na hesabu hiyo fundi anaweza kukaribia kipimo cha kitabu badala ya kukaza mpaka pumzi iishe.

Baada ya kukazwa, kila nati ichorwe mstari wa rangi unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye bolti, ili kulegea kuonekane kwa macho. Chini ya lori paoshwe kwa maji baridi kila linapotoka kwenye chumvi, na maji ya visima vya pwani yaonjwe kwanza, kwa kuwa mengi yake yana chumvi. Pini za grisi zipigwe grisi mpaka ile chafu itoke na mpya ionekane pembeni. Majani mapya na rangi iliyobanwa chini ya yubolti hukaa na kupungua unene katika safari za mwanzo, na mbano hupungua pamoja navyo. Kwa hiyo lori lirudi gereji baada ya kilomita 500 hadi 1,000, likiwa na mzigo wake wa kawaida, na yubolti zote zikazwe upya, hata kama mistari ya rangi haijasogea.